Picha za zamani zimenata kwenye albamu: nizibandueje?

Swali
Ndugu zangu, ninatengeneza kwa mikono albamu mpya ya picha za marehemu mama yangu, kwa sababu kurasa za ile ya zamani, zenye gundi na plastiki juu yake, zimegeuka manjano na picha kadhaa zimenata. Nizibandueje bila kuzichana, na niulizie karatasi gani dukani?

Jibu la 1
Pole sana. Usizivute kwa vidole. Kwanza tengeneza nakala ya kila picha ikiwa bado ipo kwenye ukurasa, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, ukiusogeza taratibu mithili ya msumeno. Inayokataa kabisa, iache. Karatasi iwe isiyo na asidi wala lignini, kwa kuwa lignini, ambayo ni sehemu ya asili ya mbao, ndiyo inayofanya hata magazeti yageuke manjano upesi yakipigwa na mwanga.

Jibu la 2
Nimeuza vifaa hivi kwa miaka mingi, na huniuma kuona mteja akichagua kwa rangi pekee bila kusoma lebo. Picha asili usiibandike kwa gundi. Ishikize kwa vipembe vya karatasi ili iweze kutoka salama. Mifuko ya kuwekea picha iwe ya plastiki aina ya polipropilini au poliesta, kamwe si ya plastiki aina ya PVC.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Nitaanza na nakala leo jioni.