Mtoto ana siko seli, kliniki wanataka tumwingize kwenye utafiti. Naombeni ushauri

Mama Kulwa wa Busisi
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Nina mapacha wa miaka saba. Doto mzima kabisa, Kulwa ana siko seli, tuligundua akiwa na mwaka na kitu baada ya vidole kuvimba vyote mara moja. Tunahudhuria kliniki ya hospitali ya huku kwetu, anapata foliki, akizidiwa analazwa. Haidroksiyurea, ile dawa ya kupunguza maumivu ya siko seli, tuliandikiwa, tukanunua kwa muda, ikatushinda.

Sasa kliniki iliyopita nesi kaniita pembeni, kanipa karatasi, kurasa nane. Wanafanya utafiti wa hiyo hiyo haidroksiyurea. Watoto wote wanapewa dawa bure, ila kundi moja linapimwa damu kila mwezi na jingine kila baada ya miezi mitatu. Kundi unapangiwa kwa bahati nasibu. Nauli wanarudisha. Nimeisoma, nimeelewa nusu. Baba yao yuko visiwani kwenye dagaa, mtandao ukikamata anasema tu "amueni". Mama mkwe ndiyo kabisa, anasema hao ni mumiani waliovaa makoti meupe, damu ya mjukuu wake inakwenda kuuzwa. Na nikikataa, pale kliniki nitaangaliwa kwa jicho gani? Ushauri tafadhali, matusi hapana.

Sangara Mkavu
Dawa bure, vipimo bure, nauli juu, kwa usawa huu? Dada saini kabla hawajabadili mawazo.

Nesi wa Usiku
Sangara acha utani, mtu anauliza mambo ya mtoto.

Mama Kulwa, tuanze na hilo la jicho. Kukataa ni haki yako na kliniki yake inaendelea vilevile: foliki ileile, kitanda kilekile. Hata ukisaini leo, mwezi ujao unaweza kujitoa, hudaiwi sababu. Akikununia mtu, kwenye fomu pameandikwa namba ya simu ya kamati ya maadili, piga. Namba hiyo haijawekwa kwa urembo.

Damu: kipimo cha chembe za damu kinachukua chini ya kijiko kimoja cha chai. Kinahitajika hata kama hakuna utafiti, maana haidroksiyurea inaweza kushusha chembe nyeupe, na zikishuka sana mtoto hana ulinzi. Ndicho wanachotaka kujua hao: je, hospitali ndogo isiyo na mashine ya uhakika inaweza kupima mara chache na mtoto akawa salama? Swali la maana sana kwetu huku. Ila soma vizuri kama kuna damu ya ziada itakayotunzwa au kusafirishwa nje. Mara nyingi hiyo ina sehemu yake ya kutia saini, unaweza kukubali utafiti na kukataa hiyo.

Usisaini hapo hapo dirishani. Chukua fomu, nenda nayo nyumbani, na nakala moja iliyosainiwa ibaki kwako.

Ngosha wa Magu
Mimi sipingi, ila nina kinyongo. Mzee wangu aliingizwa kwenye utafiti wa presha, hospitali siitaji. Miezi yote ile alihudumiwa kifalme, anapigiwa simu, anapimwa. Siku utafiti umeisha, wakamshukuru kwa kalamu na fulana, dawa akaambiwa akanunue. Ile dawa duka la kwetu hawajawahi kuiona. Kwa hiyo dada uliza jambo moja: siku mnafunga mradi, Kulwa anapata wapi vidonge? Wakijibu "tutaona", ondoka.

Kijana wa Nyakato
Ngosha ana hoja. Lakini tusisahau na upande wa pili. Wakati fulani haidroksiyurea iliogopwa Afrika kwamba itazidisha malaria. Wenzetu wa Kampala wakajaribu, nusu ya watoto wakapewa dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, ili kulinganisha, majibu yakatoka 2017: malaria haikuongezeka, na waliopewa dawa halisi walipungukiwa na maumivu. Ndiyo maana fomu ya Mama Kulwa haina kundi la dawa bandia, kulinyima kundi moja dawa leo ni jambo gumu kulitetea.

Na hapa hapa Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliingia kwenye utafiti wa chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Tangu 2024 nchi nzima tunachanja dozi moja. Hao wazazi nao walipigiwa kelele za mumiani, usidhani.

Uliza pia kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na cha TMDA, mamlaka ya dawa, na bima ya washiriki. Wakweli hawakasiriki ukiuliza.

Mama Kulwa wa Busisi
Wabeja sana jamani. Nimerudi leo, nikaenda na mama mkwe mwenyewe. Vibali wametuonyesha. La dawa baada ya mradi: wamesema mwaka mmoja zaidi wanatoa wao, kisha duka la dawa la hospitali. Nikasema hilo liandikwe, daktari akafungua ukurasa wa sita, kumbe lipo, nimelipigia mstari. Damu ya kusafirishwa nimekataa, wakaandika "hapana" bila neno.

Aliyewabana ni bibi. Kawauliza, "Kundi la miezi mitatu, mtoto akichemka usiku katikati hapo, mnangoja miezi itimie?" Wakajibu hapana, anapimwa siku hiyo hiyo, namba ya simu ya saa 24 ipo kwenye kadi. Bibi akaipiga pale pale mbele yao. Ikaita kwenye mfuko wa daktari. Tumesaini, tumeangukia kundi la kila mwezi.

Nesi wa Usiku
Bibi apewe kazi. Hiyo kadi piga picha, mtumie na baba yake kisiwani. Homa ikimpata mkiwa mbali, hospitali yoyote mtakayofika semeni mapema kwamba anatumia haidroksiyurea, na Doto asije akaonja vile vidonge.