Njia za baiskeli ya resi zisizo na magari, mjini na nje ya mji: mnazitafutaje?

TairiNyembamba
Wakuu habari zenu, naomba mnipe mawazo. Nina baiskeli ya resi, tairi za milimita 28, na mji ninaokaa ukitoka upande wowote unakutana na barabara kuu. Nikishafika mashambani raha tupu, ila kufika huko ndo kazi, malori yanakupita karibu mpaka usukani unacheza, na kuna siku naghairi kutoka kwa sababu tu nikifikiria kile kipande cha kutoka mjini mwili unaniishia nguvu. Nataka mizunguko ya kilomita 40 mpaka 80 hivi, isiyo na magari kabisa au basi yawe machache sana. Apu nazo nimeziuliza, nikiweka "njia ya baiskeli" nyingine inanipeleka kwenye mchanga na kokoto, tairi zangu haziwezi. Tafadhali msinitajie njia za mji wenu, nataka kujua namna ya kuzitafuta ili hata nikihamia kwingine nijitegemee. Nyie mnafanyaje?

GiaKubwa
Karibu sana mkuu. Mimi naanzaga na swali moja tu, gari lina sababu gani ya kupita hapa? Barabara ikiunganisha mji na mji magari yatakuwepo hata iwe nyembamba vipi, lakini njia ambayo ilijengwa kwa ajili ya kitu kingine, treni, mashua, maji, hiyo gari haina shida nayo. Kwa hiyo fungua ramani utafute vitu vitatu: reli iliyokufa, mfereji, na tuta la mto.

Reli ya zamani ndo tamu kuliko zote kwa sababu treni haipandi mlima mkali, waliojenga walikata vilima na kujaza mabonde ili mwinuko ubaki asilimia 1 au 2, kwa hiyo unapiga pedeli kwa mwendo ule ule muda mrefu bila kugusagusa gia. Mfano mzuri ni ile ya kutoka Bristol kwenda Bath kule Uingereza, reli ilifungwa, watu wakaanza kuigeuza njia ya baiskeli mwaka 1979 na kufika 1986 ilikuwa imekamilika, kama kilomita 21 hivi na ina lami. Hispania nao wana mpango mzima wa kugeuza reli za zamani tangu 1993. Na cha muhimu kwako, reli nyingi zilikuwa zinaingia mpaka katikati ya mji, yaani inakutoa mjini yenyewe bila kugusa barabara kuu.

Mto nao hivyo hivyo. Korea Kusini unaweza kutoka Incheon, ukapita Seoul mpaka Busan, kilomita 633, sehemu kubwa ukifuata njia za kandokando ya mito, na ukiwa Tokyo tuta la mto Arakawa linakutoa mjini bila taa za barabarani. Maji lazima yatoke mjini yaende mahali, we yafuate tu.

mtu_wa_lami
Nakubaliana na GiaKubwa ila nusu. Njia za reli na mito zinatumiwa na kila mtu, kuna wanaotembea, watoto wanaojifunza baiskeli, mbwa wenye kamba ndefu, na wewe una baiskeli ya resi unataka kwenda kilomita 30 kwa saa. Hapo sio mahali pa mazoezi ya kasi kabisa, na anayeumia ukimgonga ni mtembea kwa miguu. Mimi njia hizo nazitumia kutoka mjini tu, napiga kengele, naenda taratibu, nikifika nje nahamia kwenye barabara ndogo za mashambani.

Na barabara ndogo zina siri zake. Ya kwanza ni barabara ya zamani iliyoachwa baada ya kujengwa barabara kuu mpya. Kwenye ramani utaona mistari miwili inaenda sambamba, mmoja umenyooka, mwingine unapindapinda na kupita katikati ya vijiji. Huo unaopinda ndo wako. Lami yake ni pana kwa sababu iliwahi kubeba magari yote, sasa hivi yamehamia pembeni.

Ya pili, na hii naipenda zaidi, ni barabara isiyotokea kwa gari ila kwa baiskeli inatokea. Unakuta barabara imeishia kwenye bwawa au kwenye daraja la miguu au geti la msitu, na upande wa pili mita 200 hivi inaanza nyingine. Dereva akiangalia anaona mwisho wa njia, hana haja ya kuja, wewe unapita unaendelea. Kwenye ramani zivute karibu hizo ncha za barabara mbili zinazokaribiana, utashangaa ziko ngapi, mzunguko mzima wa kilomita 60 unaweza kuushona kwa ncha za namna hiyo.

Halafu fungua picha ya satelaiti uangalie kitu kimoja, mstari wa katikati. Barabara yenye mstari mweupe au wa njano katikati imejengwa magari mawili yapishane kwa kasi. Isiyo na mstari magari yanapishana kwa kupunguza mwendo, na ukiona majani yameanza kula kingo za lami ujue hata hayo machache hayapiti sana. Kuhusu mchanga: apu nyingi zinachukua data zake OpenStreetMap, ramani ya bure inayojazwa na watu wa kujitolea, na pale kila kipande cha njia kinaweza kuandikiwa uso wake, lami, changarawe au udongo. Tatizo sehemu nyingi hakuna aliyejaza hivyo apu inabahatisha. Usiende kichwa kichwa, kagua kwa satelaiti kwanza, lami ina rangi moja ya kijivu na kingo zilizonyooka, udongo una alama mbili za matairi na katikati kuna majani.

AlfajiriMapema
Mmeongelea mahali, mimi naongelea saa. Barabara ile ile inayotisha saa 1 asubuhi siku ya kazi, Jumapili saa 12 alfajiri ni kama imefungwa kwa ajili yako. Kwa aliye na ratiba inayobadilika hii ni rahisi kuliko kutafuta njia mpya.

Na kuna miji inayofunga kweli. Bogotá kule Kolombia tangu 1974, siku hizi kila Jumapili na sikukuu, saa 1 asubuhi mpaka saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 120 za barabara za mji wanapewa watu wa baiskeli na waenda kwa miguu. Kigali nao wana siku za bila magari tangu 2016. Na bustani kubwa za mjini usizidharau, New York waliondoa magari kwenye barabara za ndani ya Central Park mwaka 2018, mzunguko wake ni karibu kilomita 10, mtu anafanya mazoezi ya maana pale pale. Ulizia mji wako una nini, matangazo ya kufunga barabara huwa yanapita watu hawayasomi.

TairiNyembamba
Dah asanteni sana, hiyo ya ncha mbili sikuwahi kuiwaza hata kidogo, nimefungua ramani sasa hivi nimeshaona mbili upande wa mashariki 😀

Nina maswali mengine mawili. Moja, mimi ni mdada na mara nyingi naendesha peke yangu, sasa njia isiyo na magari mara nyingi haina na watu, hapo inakuwaje? Pili ile ramani ya Strava, apu ya kurekodi mazoezi, inayoonyesha watu wanapita wapi, inaaminika?

KiloMoja
Dada mwenzangu hilo la kwanza ni la msingi na wanaume huwa hawalitaji. Bila magari na bila watu ni vitu viwili tofauti, na mimi nikichagua njia naangalia vyote. Njia ya reli ya zamani ikiwa imechimbwa chini, kuta pande zote mbili, inaweza kwenda kilomita 2 au 3 bila mahali pa kutokea, kwa hiyo kabla sijaenda naweka alama kwenye ramani kila mahali pa kuingilia na kutokea. Tuta la mto ni bora zaidi kwa hilo, uko juu, unaona mbali na unaonekana. Mashambani napenda zile barabara za kupita vijijini kuliko za msituni, watu wapo barazani, ukipata pancha kuna wa kumuuliza.

Mara ya kwanza kwenye njia mpya nenda na mwenzio, mchana, halafu ukishaijua ndo uende mwenyewe. Washa ile ya simu ya kumwonyesha mtu wa nyumbani uko wapi muda wote, na mwambie saa ya kurudi. Kama moyo haujakaa sawa mahali, geuza. Hauna deni la kumaliza njia.

mtu_wa_lami
Samahani dada, tulidhani ni mwanaume, GiaKubwa mpaka akakuita mkuu 🙏 KiloMoja kasema yote kwenye hilo.

Ramani ya Strava inasaidia ila isome kwa akili. Mstari mkali maana yake watu wa baiskeli wanapita hapo wengi, sio kwamba magari hayapo. Barabara kuu yenye lami nzuri nayo inang'aa kwa sababu vikundi vya mazoezi vinaitumia alfajiri. Mimi naangalia mistari hafifu ila isiyokatika, nje ya barabara kuu, hiyo mara nyingi ni njia ya wenyeji wanaojua wanachofanya.

GiaKubwa
Tumepokea dada 🙏 Naongezea kile kipande cha kutoka mjini maana ndo ulichoanza nacho. Kama hamna reli wala mto, fikiria treni, kama ya kwenu inapokea baiskeli. Unashuka kituo cha mwisho mashambani unaendesha kurudi, au unaenda kwa pedeli unarudi kwa treni. Angalia upepo kabla ya kuchagua, uwe nyuma yako kwenye sehemu ndefu. Na kama lazima ukatize barabara kuu, katiza mahali penye taa au daraja, hata kama ni kuzunguka kilomita 2 zaidi, vile vipilefti vikubwa vya njia nyingi viache kabisa.

Nchi zilizofika mbali wameacha kukuachia wewe hii kazi ya kushona. Ubelgiji kwenye jimbo la Limburg mwaka 1995 walianza kuweka namba kwenye kila makutano ya njia za baiskeli, unaandika namba zako kwenye karatasi unafuata vibao, Uholanzi wakauchukua mfumo huo. Sisi wengine bado tunashona wenyewe, kwa hiyo ukipata njia nzuri usikae nayo.

TairiNyembamba
Nimekaa na ramani jioni nzima. Kuna tuta la mto linaanzia nyuma ya mtambo wa maji, linaenda kama kilomita 14, kwenye satelaiti linaonekana lami mwanzo mwisho, halafu linatokea kwenye barabara ya zamani isiyo na mstari katikati. Jumapili naenda na rafiki yangu, nikirudi naweka hapa faili la GPX, lile la njia unaloweza kulifungua kwenye apu ya ramani.

KiloMoja
Safi sana! Tuta la mtambo wa maji huwa lina mageti, piga picha kibao cha saa za kufungua uweke pamoja na hilo faili, na uandike kama kuna pa kupitisha baiskeli pembeni ya geti au mpaka uinyanyue.