Kiwanda kilitangulia, mji ukakifuata: nani ahame?

Ukingoni: Wakuu, kiwanda cha kemikali kinajengwa porini, miaka inapita, mji unakifuata hadi ukutani. Siku serikali ikizinduka, nani ahame? Kiwanda cha mbolea cha AZF pale Toulouse, Ufaransa, kilianza miaka ya 1920 nje ya mji. Kilipolipuka tarehe 21 Septemba 2001 na kuua watu 31, mji ulishakizunguka. Mimi nasema kiwanda kihame, gharama abebe aliyetoa vibali vya nyumba.

Nyundo: Kihamie wapi? Mtakifuata tena huko huko. Watu wakisikia kiwanja rahisi, harufu ya gesi wanaiita upepo. Wakiungua, serikali! serikali!

Mama Pacha: Nyundo, hao wa upepo ni akina nani? Mimi nilinunua kwa hati, ramani ina muhuri, imeandikwa makazi. Matangi yalikuja miaka minne baadaye, usiku, na kibali kikayafuata. Hapo nani kamfuata mwenzake?

Nyundo: Dada, sijakutaja. Ila muhuri hata mimi nikiutaka jioni hii ninao.

Mama Pacha: Kwa hiyo nimeghushi?

Kipimo: Jamani, hoja ni ukaguzi. Beirut, Lebanon, tani 2,750 za nitrati ya amonia, kemikali ya mbolea inayoweza kulipuka, zimekaa kiwandani miaka na miaka, hakuna aliyekagua.

Rula: Kiwanda gani? Lile ni ghala, namba 12, bandarini. Na watu wa forodha waliandika barua mahakamani si mara moja, wakiomba mzigo uondolewe. Kukaguliwa ulikaguliwa. Ukabaki pale pale hadi ulipolipuka Agosti 2020.

Kipimo: Ghala, kiwanda, kimelipuka hakikulipuka?

Rula: Tofauti ni kubwa, mkuu. Kiwanda kina mhandisi anayekesha na mitambo, ghala lina mlinzi na kufuli. Kwenye fomu linasomeka "kuhifadhi bidhaa", linapita. Tianjin, China, 2015 nako ni ghala: walikufa watu 173, wengi wao askari wa zimamoto, na nyumba zilikuwa ndani ya kilomita moja ambayo kanuni za kule kule zilikataza. Hata hiyo Toulouse, kilicholipuka ni banda la kuhifadhia.

Nyundo: Sasa wapangaji miji wanalipwa kwa kazi gani? Kupaka ramani rangi. Zambarau viwanda, njano nyumba, mchana umekwisha.

Chora: Nimekaa kwenye hiyo kazi miaka 11. Faili la maghala ya kemikali kando ya makazi nililikataa mara mbili kwa maandishi. Mara ya tatu likapita nikiwa likizo. Tuite wapaka rangi, sawa, lakini brashi hatuishiki sisi.

Nyundo: Likizo! Hiyo imekaa vizuri.

Chora: Una la kusema, sema. Usizunguke.

Ukingoni: Wakuu, turudi kwenye mada. Mwaka 2003 Wafaransa walitunga sheria, nyumba zilizo karibu mno na viwanda hatari zinaweza kununuliwa kwa lazima. Yaani walihamisha watu!

Kipimo: Na AZF nayo haikufunguliwa tena. Pale sasa wanatibu saratani.

Ukingoni: Basi wamehama wote?

Mama Pacha: Ukingoni subiri kidogo. Chora, hiyo likizo ilikuwa mwaka gani?