Pete ya ndoa haivaliki karakana: mkufu au shanga za shingoni zinashika nafasi yake?

Mnazi Mkinda
Habari wadau. Ndoa ni Desemba, kanisa Katoliki. Mimi ni fundi magari na karakana hairuhusu pete. Mchumba ni Mmasai, na mama yake anataka bintiye avishwe shanga za shingoni siku hiyo. Pete ikining'inia kwenye mkufu, bado ni pete ya ndoa? Na shanga zinaweza kusimama badala yake? Naomba na vipimo vya kumpelekea sonara.

Sonara wa Kariakoo
Mkuu, karakana haijakuonea. Betri ya volti 12 haikurushi, lakini pete ikigusa spana iliyo kwenye ncha chanya ya betri huku upande wa pili umegusa bodi, mkondo wote unapita kwenye pete. Inawaka nyekundu ikiwa bado kidoleni. Hatari nyingine ni kunasa: mtu akiruka kutoka kwenye gari, pete ikashikwa na ukingo wa chuma, inachuna ngozi ya kidole chote.

Mkufu nao uvue kazini. Ukinaswa na feni au mkanda wa injini, ni shingo inayovutwa. Saa za kazi vaa pete ya silikoni: haipitishi umeme na hukatika ikivutwa kwa nguvu. Ya dhahabu ibaki nyumbani.

Kipimo: zungusha kipande chembamba cha karatasi kidoleni jioni, mwili ukiwa na joto, kwa sababu asubuhi yenye baridi kidole hupungua. Urefu huo gawanya kwa 3.14. Ukipata milimita 57, kipenyo cha ndani ni milimita 18.1. Pima na kifundo cha kidole pia. Kikiwa kinene kuliko shina la kidole, chukua kipimo cha katikati. Pete yenye upana wa milimita 6 kwenda juu hubana zaidi, ongeza nusu saizi.

Katekista J.
Kwa upande wa Kanisa, kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili (kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa). Pete hubarikiwa na kuvishwa baada ya ridhaa, ikiwa ishara ya upendo na uaminifu. Kwa hiyo ukiivua kazini hujapunguza kitu kwenye ndoa. Wala si lazima iwe dhahabu. Kama mnataka shanga zibarikiwe pia, mwambieni paroko mapema, msimletee altareni siku yenyewe.

Ustadhi Bakari
Nachangia kwa watakaosoma baadaye. Kwetu Waislamu pete si nguzo ya nikaha. Kuna walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi wawili, ijabu na kabuli (kutoa na kukubali ndoa kwa maneno), na mahari. Mwanamume havai dhahabu, fedha inaruhusiwa. Pete yenyewe inaweza kuwa mahari: katika hadithi mashuhuri, mtu asiye na kitu aliambiwa atafute hata pete ya chuma.

Nasieku
Shemeji, shanga si mbadala wa pete. Zina usemi wake, na wanaozisoma ni ukoo. Ushanga mpana wa bapa, ule unaocheza mabegani mwanamke akiruka, ni pambo la sherehe. Alama ya mke ni surutia, misokoto ya shaba inayoning'inia masikioni, na haivuliwi ovyo mume akiwa hai. Muulize mama mkwe anakusudia kipi kabla hujanunua chochote.

Usichukue ushanga wa watalii. Mara nyingi waya wake ni laini, unapinda na safu zinaachana. Kagua vile vipande vyembamba vinavyotenganisha safu: kila safu ipite katika tundu lake, na ncha za waya zikunjwe ndani. Ncha iliyoachwa wazi inachana shingo na shela. Na mama mwenyewe akitaka kuushona, mwache aushone. Ule ndio wenye maana.

Mnazi Mkinda
Asanteni sana. Sonara, nimeshauriwa tangsteni, ile metali ngumu sana, kwa kuwa haikwaruziki. Ni sawa?

Sonara wa Kariakoo
Haikwaruziki kirahisi kweli, ila haipanuliki wala haipunguzwi. Ukinenepa, unanunua nyingine. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji inaweza kupasuka. Chukua dhahabu karati 18, muhuri 750 (alama ya karati 18) ndani, upana milimita 4, unene 1.6. Kwa kidole cha 57 itakuwa gramu 5 hadi 6. Ipimwe mizani mbele yako kabla ya kuchonga majina.