Kikundi cha Familia: Shangazi Zena Amerudi Nyumbani

Mwanahawa: Assalaam alaikum nyote. Tumefika na Mama, shangazi yenu Zena, salama jana magharibi. Kutoka Mokowe alivuka kwa boti akiwa ameketi, na kutoka gatini hadi nyumbani Mkomani, hapa Lamu, alibebwa kitini, kwa kuwa machela haikuweza kupinda kona za vichochoro. Tumemweka chumba cha chini, karibu na daka, ule ukumbi wa mlangoni, ili asilazimike kupanda ngazi. Karatasi ya hospitali inasema afanye mazoezi kila siku, lakini kila anayeingia humu ndani anamwambia alale. Naomba tukubaliane hapa tufuate lipi.

Ami Athman: Wa alaikumu salaam. Mimi ni mmoja wa hao wanaomwambia alale. Mtu aliyepumuliwa na mashine, akalishwa kwa mpira na bado akatoka hai, atadaiwa nini zaidi ya kupumzika? Nimeagiza asiinuke hata kufuata maji. Wasichana wapo, wamletee.

Salim (Malindi): Shikamoo ami. Huruma yako naielewa, na usingizi wa usiku pamoja na mapumziko ya mchana ni haki yake. Tatizo ni kwamba udhaifu alio nao shangazi sasa umetokana kwa sehemu kubwa na kule kulala. Mgonjwa mahututi hupoteza misuli kwa kasi ambayo sisi wenye afya hatuidhanii: watafiti wa London waliochapisha matokeo yao mwaka 2013 walipima msuli wa mbele wa paja na kuukuta umepungua kwa takriban asilimia 18 kufikia siku ya 10. Msuli huo ndio unaomwinua mtu kitini na kumpandisha ngazi, na haurudi kwa kulala; hurudi kwa kutumiwa kidogo kidogo, pamoja na chakula chenye samaki, mayai na maharagwe. Kwa hiyo maji afuate mwenyewe, na msichana atembee kando yake bila kumshikia glasi.

Mwanahawa: Kaka Salim, nachelea asianguke. Asubuhi alipojaribu kusimama, magoti yalitetemeka, nami nikamvuta kwa mikono.

Salim (Malindi): Mikono usiivute, wala usimshike kwapani, maana bega lililokosa misuli huumia upesi. Kunja leso iwe kama mshipi mpana, uifunge kiunoni pake kwa fundo lililokazwa, nawe usimame ubavuni ukiwa umeishika kwa nyuma. Mwambie asogee ukingoni mwa kiti, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele, kisha asimame huku akitoa pumzi, kwa sababu wengi huibana pumzi wakati huo na kupata kizunguzungu. Akiweza mara tano, inatosha. Apumzike, arudie baadaye. Kipimo ni mazungumzo: akifanya zoezi awe bado anaweza kukamilisha sentensi moja. Na kama siku ya pili ataamka amechoka kupita kiasi, mpunguzieni, msimwachishe.

Ami Athman: Na sala? Ameniuliza kama anaweza kusujudu.

Salim (Malindi): Kwa sasa aswali akiwa kitini, ami, na ruhusa hiyo unaijua kuliko mimi. Ila nyakati za sala zinatufaa sana kwa ratiba: kabla ya kila sala ya mchana asimame na kuketi zile mara zake, hivyo hakuna atakayehitaji kukumbushwa na saa.

Bi Rukia (jirani): Poleni na hongereni. Shoga yangu nimemwandalia hina na piko, ile rangi nyeusi, nije nimpambe leo jioni, maana mikono imemkauka kama ya mgeni.

Salim (Malindi): Ahsante sana Bi Rukia. Nakuomba uache vidole viwili bila chochote, hasa piko. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinapima oksijeni kwa kupitisha mwanga, na rangi nyeusi ya kucha inaweza kukipa namba ya uongo. Kidole kikiwa baridi pia kipashwe moto kwanza. Kiwango cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi yake, si kile kinachosambazwa kwenye simu.

Mwanahawa: Kuna jambo jingine. Usiku anasema wauguzi walikuwa wakimfunga ili wamzamishe baharini. Wapo walioanza kunong'ona kuhusu majini.

Salim (Malindi): Hali hiyo ni ya kawaida kwa waliolazwa chumba cha mahututi: ugonjwa, dawa za usingizi na kukosa kutofautisha usiku na mchana huvuruga akili kwa muda. Msimbishie wala msimcheke. Mwelezeni taratibu yaliyotokea kweli, siku kwa siku, kadiri mnavyoyajua. Hali hiyo ikiendelea, amweleze daktari siku ya kurudi kliniki. Mambo ambayo hayangoji kliniki ni maumivu ya kifua, kuzirai, kuvimba mguu mmoja wenye maumivu, au kupaliwa kila anapokunywa.

Ami Athman: Basi nimesikia. Naleta kile kiti cha enzi cha marehemu baba, kina mikono imara.

Salim (Malindi): Mikono yake ni mizuri, ami, lakini kibao chake cha kuwekea miguu kitamzuia kurudisha nyayo nyuma. Kiti cha mbao cha kawaida chenye mikono, kirefu kidogo, kikiegemezwa ukutani, kinamfaa zaidi. Vya plastiki vinateleza.

Ami Athman: Kipo kimoja dukani. Nitamtuma kijana akilete kabla ya alasiri, na maji yake nitawaambia wasichana wayaweke juu ya meza ya mlangoni.

Mwanahawa: Wageni nao naomba waje wawili wawili, baada ya alasiri, wasikae sana. Bi Rukia, wewe njoo na hina yako.