Ushauri: mwanangu wa miaka 9 amekataliwa shule, nimpeleke kwa bibi yake Kilosa?

MamaK_Tabata: Wakuu, heshima mbele. Mwanangu yuko nyuma kiakili, bado darasa la kwanza. Hatulii, anapiga wenzake, mwalimu kasema nimtafutie pengine. Tiketi ya Ijumaa nimeshakata. Nakosea?

Kipanga: Wazazi wa siku hizi mna haraka ya kutua mzigo. Bibi naye kachoka.

MwlMaalumu: Usikubali kirahisi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma. Muone afisa elimu maalumu wa halmashauri, ubebe cheti cha kuzaliwa na karatasi za hospitali, uulizie kitengo cha ulemavu wa akili. Shule za Uhuru Mchanganyiko na Sinza Maalumu zinajulikana. Apimwe macho na masikio kwanza, asiyesikia huonekana mkorofi. Nyumbani mfundishe kuanzia mwisho: mvalishe shati, yeye afunge kifungo cha chini tu. Akikiweza, mwachie viwili. Anatumia dawa?

MamaK_Tabata: Dawa si tatizo. Kwa bibi kuna uwanja mkubwa, atakimbia.

Chizi_wa_Gongo: Umeulizwa swali umelikwepa. Stori za hivi huishia na namba ya kutumia hela. Hii chai, bado vitafunwa tu.

Kipanga: Na mimi nilishtukia, tiketi ipo, baba hayupo.

MamaK_Tabata: Nimeomba hata mia? Haya, ana kifafa. Phenobarbitone mg 30, viwili usiku. Nimesitisha tangu Jumapili, alikuwa anasinzia darasani. Degedege halijaja, kwa hiyo sioni ubaya.

NesiTemeke: Mtunga chai hataji mg. Mama, dawa hiyo haikatwi ghafla, hupunguzwa taratibu na daktari, la sivyo degedege hurudi mfululizo. Leo hii nenda kliniki na pakiti yake, wakuelekeze namna ya kumrudishia. Likija, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa; likipita dakika 5, hospitali. Na huo utukutu unaomfukuzisha, phenobarbitone huwaletea baadhi ya watoto. Sema hilo pamoja na kusinzia, anaweza kubadilishiwa, mfano carbamazepine.

Chizi_wa_Gongo: Sawa, chai nairudisha jikoni.

MamaK_Tabata: Ila Kilosa angepumzika.

MwlMaalumu: Dawa zikiisha huko, nani atazifuata?

MamaK_Tabata: Nauli wanarudisha?