Pini ya cheni ya 428H haitoki, ncha ya kifaa inapinda

Moto_Birere (Goma)
Wakubwa mafundi, habari za kazi. Ni cheni ya 428H (saizi ya 428, aina nzito) ya pikipiki ya abiria, haina klipu ya kufungulia, pini zote zimepondwa vichwa kiwandani. Ekseli ya nyuma imefika mwisho wa nafasi yake na cheni bado inalegea, kwa hiyo nataka kuipunguza. Kila nikikaza kifaa cha kukatia, ncha yake inapinda kabla pini haijasogea. Ncha mbili zimeshaharibika. Mafuta nimeweka, hayajasaidia. Nichome kwa moto?

Fundi_Ndosho
Moto usiguse, ndugu. Pini na mabati ya cheni yametiwa ugumu kwa joto. Ukiyachoma yanalainika, na abiria ndiye atakayelipia. Mafuta nayo hayafiki popote kwa kuwa kinachoshika si kutu. Pini ya 428 ina unene wa karibu milimita 4.5, imesukumwa kwa nguvu katika tundu linaloibana, kisha kichwa kikapondwa kikapanuka kupita tundu hilo. Ncha yako inalazimishwa kukivunja kile kichwa.

Saga kichwa kwanza kwa mashine ya diski, hadi kilingane na uso wa bati. Futa, angalia kwenye mwanga: utaona duara jembamba jeusi, huo ndio mpaka wa pini na tundu. Likionekana mzunguko mzima, acha kusaga. Likionekana nusu tu, upande mmoja bado umeshika, na pini itakwenda mshazari.

Halafu tazama mgongo wa kifaa. Kichwa cha upande wa pili hakijasagwa, ni kipana kuliko pini, na lazima kitumbukie katika tundu la kifaa. Kikigusa ukingo wa tundu hata kidogo, hakuna kitakachosogea isipokuwa ncha kupinda. Kaza kwa mkono mpaka ncha iguse katikati ya pini, kagua kwa juu na kwa ubavuni, ndipo uweke spana. Kama kifaa kina ncha mbili, anza na ile fupi nene. Ndefu ni ya kumalizia.

Mekano_Kadutu (Bukavu)
Asiye na kifaa atumie jiliwa, kile cha kubania chuma mezani. Baada ya kusaga vichwa viwili vya bati moja la nje, bana rola (kile kipipa kati ya mabati) kwa upole, bati la nje la chini libaki huru. Panchi (chuma cha kugongea pini) ya milimita 4, gonga pini hizi mbili kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale. Zitashuka pamoja na bati la chini. Ukipiga moja peke yake bati linalala upande na zote mbili zinakaba. Msumari wa zege usiutumie kama panchi, unaruka vipande. Na vaa miwani.

Yaya_Pinyo
Kabla hujasaga chochote, pima. Ekseli kufika mwisho ni dalili mbaya. Vuta cheni inyooke, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25. Ikiwa mpya ni milimita 304.8. Ikifika 311 imerefuka asilimia 2, na kuipunguza ni kazi bure: nafasi kati ya pini hazilingani tena na meno ya pinyo (gia za mbele na nyuma zinazoshika cheni), itaruka kwenye mlima. Vumbi la mawe ya volkano linakula pini haraka.

Moto_Birere (Goma)
Nimepima mara tatu, ni 312.

Yaya_Pinyo
Basi hiyo itoe kabisa, na pinyo zote mbili zibadilishwe pamoja, maana pinyo kuukuu itaimaliza cheni mpya. Kwa kuitoa huhitaji tena kuhifadhi pini, pitisha diski katikati ya bati. Ziba rola na injini kwa kitambaa.

Dukani hesabu viungo vya ile ya zamani, idadi iwe shufwa. Angalia kiungo cha klipu kiwe cha 428H: mabati yake ni mazito, pini zake ndefu zaidi, na ukiweka cha 428 ya kawaida mfereji wa klipu hautatokeza nje ya bati. Upande wa klipu uliofungwa uelekee cheni inakokwenda.

Fundi_Ndosho
Na ulegevu uache milimita 20 hadi 30 katikati ya sehemu ya chini, au kadiri kitabu cha pikipiki yako kinavyosema. Zungusha gurudumu upime mahali patatu au panne, urekebishe kwa pale inapokaza zaidi.